Matambara na Lango la Mfalme: Maisha ya Padre John Kaiser

Somo: Yeremia 38:7-13 na 39:15-18



Mwezi uliopita, baada ya ibada ya pili, dada mmoja wa kanisa hili alinisubiri kando ya mlango wa nyuma. Ni muuguzi. Hospitali gani, sitasema, na tafadhali msianze kukisia. Aliniambia kuna wagonjwa wanaokaa kwenye benchi tangu asubuhi hadi jioni kwa sababu hawana wa kuwasemea, na wengine wanakuja nyuma yao na kutibiwa mbele yao kwa sababu wanajuana na mtu fulani huko ndani. Yeye huwaletea hao wa benchi chai. Huwafunika shuka. Alitaka kujua kama chai na shuka zinatosha mbele za Mungu, na kama hazitoshi, ni nani atakayewalipia watoto wake karo siku atakapofutwa kazi kwa kusema.

Nilimwambia tuombe. Tukaomba. Lakini nilipofika nyumbani jioni hiyo nilijua vizuri nilichokuwa nimefanya. Nilikuwa nimemfukuza kwa maombi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifuatilia maisha ya mtu mmoja ambaye wengi wenu mmepita mahali alipofia bila kujua. Ukitoka hapa Nakuru na matatu ya Nairobi, ukishapita Gilgil, kabla hujafika Naivasha mjini, kuna mahali panaitwa Morendat. Asubuhi ya tarehe 24 Agosti 2000 mwili wa mzungu mzee ulipatikana hapo kando ya barabara, umepigwa risasi ya kichwa. Bunduki yake mwenyewe ilikuwa karibu. Pikapu yake ilikuwa imeingia mtaroni. Alikuwa Padre John Anthony Kaiser, miaka 67.

Najua kuna mtu ameshaanza kujiuliza kwa nini jarida la kanisa la Kipentekoste linaandika habari za padre wa Katoliki. Mafundisho yetu tunayajua na hatuyabadilishi leo. Lakini Yesu alipotaka kumfundisha mwanasheria maana ya jirani, alimletea Msamaria, na yule mwanasheria naye alikuwa na mafundisho yake. Tuendelee.

Kaiser alizaliwa mwaka 1932 huko Minnesota, Marekani, mtoto wa shambani. Kabla ya upadre alikuwa askari katika jeshi la Marekani, wale wanaoruka kutoka kwenye ndege kwa parachuti. Halafu akajiunga na shirika la wamishonari la Mill Hill, akawekwa wakfu mwaka 1964, na mwaka huohuo akatumwa Kenya, nchi ikiwa na uhuru wa mwaka mmoja tu. Akapelekwa Kisii. Huko alikaa karibu miaka thelathini. Alijifunza lugha ya watu, akazunguka na pikipiki milimani, akajenga makanisa kwa mikono yake. Alikuwa mtu wa miraba minne asiyeogopa kubeba mawe. Alikuwa pia mwindaji, na nyama aliyowinda iliishia kwenye sufuria za maskini. Kama angefia hapo, angekumbukwa kama mmishonari mzuri wa Kisii, na mimi nisingekuwa na la kuandika wiki hii.

Mambo yalibadilika kuanzia mwaka 1991 na 1992. Wenye umri wa kutosha mnakumbuka. Vyama vingi viliporudi, moto uliwaka Bonde la Ufa: Molo, Olenguruone, Burnt Forest, na kwingineko. Magazeti yaliita vita vya kikabila. Oktoba 1993 zamu ikawa ya Enoosupukia, kwenye vilima vya Narok juu ya Naivasha. Watu waliuawa na maelfu wakafukuzwa kwenye mashamba yao. Wengi wa waliofukuzwa walikuwa Wakikuyu, na wengi wao walikuwa na hatimiliki za mashamba hayo. Waliowafukuza walitajwa kuwa Wamaasai. Nasema makabila waziwazi kwa sababu tukiyaficha humu kanisani, yataongea nje peke yake.

Waliokimbia waliteremka hadi Maela, ndani ya wilaya yetu ya Nakuru. Kambi ikaota hapo, watu kama 10,000, chini ya karatasi za plastiki, baridi ya usiku, matope, maji machafu. Magonjwa yakaanza kuondoa watoto. Mwaka 1994 Kaiser, ambaye sasa alikuwa amehamia jimbo la Ngong, akatumwa na askofu wake kwenda kuwahudumia.

Naomba tukae Maela kidogo, maana hapa ndipo mtu anapogeuka.

Kazi aliyotumwa ilikuwa kazi ya kuhudumia tu. Kuleta chakula, kusali na watu, kuzika, kupeleka mgonjwa hospitali. Ni kazi ileile ambayo idara yetu ya wahitaji huifanya, na serikali ya wakati huo haikuwa na shida sana na padre anayebeba unga. Kwa kweli padre anayebeba unga alikuwa anaisaidia, kwa sababu mwenye njaa akilishwa, kelele hupungua. Kilicholeta shida ni kwamba Kaiser, akiwa amekaa na wale watu siku baada ya siku, alianza kuuliza wametoka wapi, shamba lilikuwa kubwa kiasi gani, hatimiliki iko wapi, ni nani aliyekuja usiku ule, na ni nani aliyemtuma. Akaanza kuandika barua. Kwa maofisa, kwa magazeti, kwa yeyote mwenye masikio.

Mimi nilisoma biashara chuo kikuu, sikusomea uchungaji kwanza. Kitu kimoja ambacho mwalimu wetu wa uhasibu hakuchoka kutukumbusha ni kwamba deni lisiloandikwa haliwezi kudaiwa. Nilipofika kwenye habari za Maela nilielewa jambo hilo kwa namna ambayo sikuwahi. Kambi ile ilikuwa daftari. Watu 10,000 waliokaa mahali pamoja, wanaojulikana walikotoka, ni deni la wazi ambalo mtu fulani lazima siku moja aulizwe. Ukitaka kulifuta deni bila kulilipa, unafanya nini? Unatawanya daftari.

Ndicho kilichofanyika. Mkesha wa Krismasi 1994, wakati sisi wengine tunawaza pilau na nguo mpya, malori yalifika Maela. Watu kama 2,000 walipakiwa bila kuambiwa wanakwenda wapi, wakamwagwa Mkoa wa Kati: Ndaragwa, Ol Kalou, uwanja wa Kirigiti kule Kiambu. Kambi ikabomolewa. Wachache walipewa vipande vya ardhi Moi Ndabi. Wengi waliambiwa tu kwamba wamerudishwa kwao, ingawa wengine hawakuwahi kuishi huko hata siku moja. Ukishatupwa Kirigiti, wewe si mtu wa Enoosupukia tena, ni mtu tu wa barabarani anayeomba. Hatimiliki yako inakuwa karatasi.

Shirika la Umoja wa Mataifa lililokuwa na mpango mkubwa wa wakimbizi hao lilipigwa na butwaa. Kaiser alikataa kuondoka. Polisi wakamtoa kwa nguvu.

Sasa fungueni Yeremia 38. Nabii ametupwa kwenye shimo la matope azame afe. Mtu anayemwokoa si kuhani wala Mwisraeli. Ni Ebed-Meleki, Mkushi, mgeni, mtumishi tu wa nyumba ya mfalme. Tukimhubiri Ebed-Meleki tunapenda sana ile sehemu ya matambara: alikwenda chini ya hazina, akachukua nguo kuukuu, akamteremshia Yeremia kwa kamba ili aziweke kwapani, kamba zisimkate. Ni huruma ya mtu anayejua kazi ya kuhudumia. Muuguzi yeyote anaelewa yale matambara. Unaweza kumwokoa mtu na bado ukamuumiza ukiwa na haraka.

Lakini tazameni kilichotangulia matambara. Mfalme alikuwa ameketi kwenye lango la Benyamini, mbele ya watu, na Ebed-Meleki alimwendea hapo. Hakumvizia chumbani. Akamwambia kwamba waliofanya hivi wamefanya vibaya. Na waliofanya walikuwa wakuu, watu ambao wangeweza kummaliza kabla jua halijatua, na mfalme mwenyewe alikuwa amewaachia. Bila lango, matambara yasingefika shimoni. Angeyateremsha kwa siri, Yeremia angekuwa na kitu laini kwapani na angeendelea kuzama.

Sisi wa makanisa tuna matambara mengi, na tunayatoa kwa moyo. Lango ndilo tunaliacha.

Baada ya Maela, Kaiser alipelekwa Lolgorien, Transmara, katika nchi ya Wamaasai. Waliomwona kama mtetezi wa kabila moja hawakuangalia kituo hiki. Alikuwa amewatumikia Wakisii nusu ya maisha yake, akatolewa Maela akiwatetea Wakikuyu, na miaka yake ya mwisho aliitoa kwa Wamaasai. Huko Lolgorien alisimama na wasichana wa shule waliodai kubakwa na mtu mkubwa serikalini, akawasaidia kufika kwa mawakili wa kinamama. Madai yale hayakufika mwisho wake mahakamani, kwa hiyo sitayapima hapa. Ninachosema ni kwamba wasichana maskini wa kijijini walikuwa na jambo la kusema, na mzee mmoja hakuwaambia wanyamaze kwa ajili ya heshima ya mtu.

Mwaka 1998 serikali iliunda tume ya Jaji Akiwumi kuchunguza vita vya kikabila. Mwaka 1999 Kaiser alisimama mbele yake. Wengi waliofika pale walizungumza kwa mafumbo, kama tunavyofanya tukiwa na hofu. Yeye alitaja majina: mawaziri, na hata kiti cha juu kabisa. Alieleza Maela. Hilo ndilo lango lake la Benyamini, mchana, mbele ya waandishi wa habari.

Kabla mwaka haujaisha akanyimwa kibali cha kuendelea kukaa nchini. Miaka 35 Kenya, halafu unaambiwa wewe ni mgeni, fungasha. Maaskofu wakasimama naye, kelele zikawa nyingi, kibali kikatoka. Machi 2000 Chama cha Mawakili kikampa tuzo ya haki za binadamu. Miezi mitano baadaye alikuwa amelala Morendat.

Msinielewe vibaya, hakuwa mtu wa chuma. Aliwahi kusumbuliwa na ugonjwa wa akili na kutibiwa. Wiki zake za mwisho alikuwa na hofu, anajiona anafuatwa, halali vizuri. Alikuwa ameshaandika kitabu kuhusu mambo haya akakiita If I Die, yaani alijua. Kilichapishwa baada ya kifo chake. Nilipokuwa mdogo katika wokovu nilidhani ujasiri ni kutokuwa na hofu, na nilimhubiri Daudi na Goliathi kwa sauti kubwa sana nikiamini hivyo. Sasa nasoma kwamba hata Ebed-Meleki, Bwana alipomtumia neno katika sura ya 39, alimtaja kama mtu aliyewaogopa wale watu. Kumbe aliogopa. Alikwenda langoni akiwa anaogopa.

Usiku ule wa Agosti Kaiser alikuwa ametoka upande wa Nairobi. Mnaoijua barabara mtaona tatizo: kwenda Lolgorien unakata Mai Mahiu uelekee Narok, huji upande wetu wa Naivasha na Gilgil. Wapelelezi wa FBI waliitwa kutoka Marekani kusaidia, na mwaka 2001 walitoa ripoti wakisema inaelekea alijiua. Walitegemea sana ile historia ya ugonjwa. Maaskofu walikataa. Waliomjua walikataa. Baada ya serikali kubadilika, uchunguzi wa mahakama ulifunguliwa mwaka 2003, ukaenda polepole kama mambo ya mahakama yaendavyo, na tarehe 1 Agosti 2007 hakimu Maureen Odero akaamua kwamba Kaiser hakujiua, aliuawa. Akaagiza uchunguzi uendelee. Hakuna aliyetiwa hatiani.

Hapa kuna jambo gumu na sitaki kulirukaruka. Ebed-Meleki aliahidiwa uhai wake, na akaupata. Kaiser hakuupata. Humu tunahubiri ulinzi wa Mungu kila Jumapili na mimi ninauamini. Lakini nikimwambia yule dada muuguzi kwamba akisema kweli hakuna baya litakalompata, nitakuwa ninamuuzia bidhaa ambayo sina ghalani. Stefano hakuupata. Yakobo alikatwa kwa upanga na Petro akatolewa gerezani, wote katika sura moja, Matendo 12. Ninachoweza kumwambia ni kwamba asiende peke yake. Kaiser kule Maela alikuwa karibu peke yake. Makanisa mengine ya eneo hili, yakiwemo ya wokovu, yalikuwa na shughuli zake.

Hesabuni na ninyi. Hukumu ya hakimu ilisomwa Agosti 2007. Miezi mitano baadaye, Januari 2008, Nakuru yetu ilikuwa inawaka. Wale waliotawanya daftari la Maela walidhani wamefunga hesabu.

Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari wakati huo. Kanisa nililokuwa nalisali lilituma vijana kugawa uji kwenye kambi ya uwanja wa maonyesho, Showground, na nilikuwa mmoja wao. Tulikuwa tunaanza mapema, tunaimba, tunapiga picha. Siku ya tatu au ya nne mama mmoja alinishika mkono. Hakutaka uji. Alitaka nimwandikie. Alikuwa na majina ya waliochoma nyumba yake, namba ya ploti, hata idadi ya magunia ya mahindi yaliyoungua, lakini hakujua kuandika, na alikuwa anaogopa kwamba atasahau au atakufa. Nilikuwa na kalamu mfukoni. Nilimwambia kwamba sisi tumekuja kwa mambo ya chakula tu, hayo mengine ni ya serikali. Nikamjazia kikombe. Aliunywa ule uji kwa heshima, akanishukuru, na kesho yake sikumwona tena mahali pake.

Nimebatizwa, nimetawazwa, nimesimama madhabahuni mara nyingi tangu siku hiyo, na bado nikisoma habari za padre yule akiuliza watu majina ya mashamba yao, ninayemwona ni mama yule.

Kaiser amezikwa Lolgorien, kwa Wamaasai. Pale Morendat, matatu zikipita, husimama mtu akitaka kushuka tu.

Jumapili iliyopita nilimtafuta yule dada, nikamwomba msamaha kwa lile jibu langu la haraka. Amenipa ruhusa kuandika haya. Kumbe yeye hakuwa ananisubiri mimi. Ana daftari. Kwa wiki tatu sasa ameandika, bila kutaja ugonjwa wa mtu, ni saa ngapi mgonjwa alifika, ni saa ngapi alionwa, na ni nani aliyepitishwa mbele yake. Anataka kulipeleka kwa msimamizi wake ana kwa ana, mchana, na ameomba asiende peke yake. Ebed-Meleki alipewa watu thelathini wa kuvuta kamba. Sisi tunatafuta wawili, mama mmoja na mzee mmoja, watu wazima wenye maneno machache. Ni Alhamisi saa tatu asubuhi. Mimi nitakuwepo. Anayeweza aniambie leo kabla hatujafunga ibada, niko upande wa kushoto karibu na ala za muziki.